Mrithi wa Kinubi cha Chakol

Madereva wa malori wanaongoja kuvuka Malaba kwenda Uganda wamezoea kuuziwa kila kitu dirishani: mayai ya kuchemsha, soksi, laini za simu za nchi mbili, dawa ya mgongo. Kwa miaka kadhaa waliuziwa pia nyimbo za Dancan Opolot. Kuuziwa tu, kununua ni habari nyingine. Opolot alipita lori hadi lori na flashi zake kwenye kimfuko cha kiunoni, akagonga mlango, na dereva alipochungulia chini alimwona mwanamume wa miaka arobaini na kitu, miwani myeusi, koti la kumetameta katika jua la saa saba.

"Boss, hii inakupeleka mpaka Juba bila kusinzia," angemwambia.

Dereva mmoja aliichukua. Aliporudi alimtafuta makusudi amwambie kwamba alisinzia kabla ya Tororo, na Tororo ni hapo tu ng'ambo. Mtu wa baiskeli hufika kabla shati halijalowa.

Opolot, kwa jina la jukwaani Prinsi D, alijiita msanii huru. Alilipenda neno hilo mpaka akalishonesha mgongoni mwa koti. Maana yake, kama alivyowaeleza waliouliza na wasiouliza, ni kwamba hakuna kampuni iliyomfunga kwa mkataba. Hakuongeza kwamba hakuna iliyowahi hata kuokota kamba. Ukitaka kusema kweli, kampuni yake ya kurekodi ilikuwa kibanda cha mkewe Nerima, pale kando ya foleni ya malori, palipouzwa chapati, maharagwe, na samaki siku alipopatikana. Maharagwe ndiyo yaliyolipia studio, yakalipia video, yakalipia koti. Katika shukrani zake za mwisho wa kila wimbo Opolot alimtaja Mungu, mashabiki wake wa dunia nzima, na fundi wa koti. Maharagwe hayakutajwa.

Nerima alikuwa mtu wa Sigalame, kwao watu hawapendi kelele bila sababu. Nyimbo za mumewe alizisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya mabati: ipo, itaisha, na wakati huo huo unga unahitaji kukandwa.

Studio ilikuwa Busia, nyuma ya duka la picha za pasipoti, na mwenyewe alikuwa prodyuza Kariuki, kijana aliyefuata mchumba mpakani, mchumba akahama, yeye akabaki. Kariuki alikuwa amebandika trei za mayai kuta zote ili sauti isitoke nje. Majirani walimshukuru kwa hilo, hasa siku za Opolot.

Basi ikatokea siku moja kituo cha redio cha hapo Busia kikakosa mgeni. Aliyealikwa, mhubiri maarufu, alikuwa amekwama Bumala na gari bovu. Mtangazaji Vivianne akampigia Kariuki, Kariuki akamtuma Opolot, na Opolot akafika amevaa koti, ingawa redio haionyeshi koti.

Vivianne hakuwa na swali lolote juu yake, maana hakuwa amemjua mpaka dakika ile. Akauliza linaloulizwa na wote.

"Sasa Prinsi D, hii mambo ya muziki ulianza aje?"

Ukweli ni kwamba Opolot alikuwa karani wa wakala wa forodha. Aliimba kazini, akachanganya karatasi za saruji na za mafuta ya kupikia, na saruji ya watu ikalala Malaba wiki nzima. Akaambiwa aende akaimbe nyumbani. Hadithi ya namna hiyo haipendezi hewani. Opolot akakohoa, akasogea karibu na maikrofoni, na bila kupanga akasema:

"Muziki kwetu ni damu. Babu yangu, mzee Egwang wa Chakol, alikuwa mpiga adeudeu."

Na hapo hakusema uongo. Adeudeu ni kinubi cha Wateso, bakuli la mti lililovikwa ngozi, lenye shingo iliyopinda na nyuzi za kucharazwa. Mzee Egwang alikuwa nacho na alikipiga. Opolot hakuwahi kumsikia kwa sababu mzee alikufa kabla yeye hajazaliwa, lakini nyumbani ilijulikana hivyo, kama inavyojulikana kwamba fulani alikuwa na ng'ombe mwekundu.

Simu zikaanza kuingia. Mama mmoja wa Amukura alisema amefurahi kusikia vijana wanakumbuka mambo ya zamani. Mzee mwingine alisema anadhani aliwahi kumsikia huyo Egwang, halafu akacheka, halafu laini ikakatika. Hakuna aliyeuliza habari za nyimbo za Opolot. Lakini alitoka pale amelewa bila kunywa. Alikuwa amegundua kwamba babu aliyekufa ana mashabiki wengi kuliko mjukuu aliye hai, na mtu mwenye akili hutumia alichonacho.

Kuanzia hapo mzee Egwang akaanza kukua. Mara ya pili redioni alikuwa amepiga kwenye harusi zote za Teso Kusini. Mara ya tatu alikuwa ameitwa ng'ambo, akapelekwa kwa gari. Mara ya nne alikuwa mpiga kinubi wa mfalme. Sasa Wateso hawajawahi kuwa na mfalme. Wazee wao hawakuona sababu ya kumlisha mtu wa aina hiyo. Kwa hiyo Opolot alilazimika kumwazimia babu yake mfalme wa majirani, bila kumtaja jina, asije akatafutwa. Na kwa kuwa aliyepigia mfalme naye si mtu wa kawaida, Opolot akaacha jina la Prinsi D. Akawa Prinsi Egwang wa Tatu.

"Wa pili ni nani?" Nerima aliuliza, akigeuza chapati.

"Si ni baba."

Nerima aliigeuza tena chapati. Baba mkwe wake alimjua vizuri kabla hajafariki. Alikuwa fundi wa breki Bumala, na gari likiletwa kwake redio ikiwa imewashwa, aliizima kwanza ndipo akauliza gari lina shida gani.

"Baba Sylvia," akasema, "huyo mzee hata filimbi ya refa ilikuwa inamkasirisha."

"Talanta huruka kizazi," Opolot akajibu. "Ni sayansi."

Kilichobaki kilikuwa kinubi chenyewe. Kilikuwa Chakol, kwa shangazi yake Akol, binti wa mwisho wa mzee Egwang, mjane aliyebaki katika boma la baba yake akilima mtama na mihogo. Opolot alimkuta jikoni. Kinubi kilining'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, na ndani ya bakuli lake, ngozi ilikochanika, kuku alikuwa ametagia.

"Shangazi, nimekuja kuchukua urithi."

Akol alimtazama. "Urithi gani? Hii?"

"Nimefuata nyayo za babu. Sasa mimi ndiye naendeleza kazi yake."

"Kazi ya baba," Akol akasema polepole. "Wewe unaendeleza kazi ya baba."

Akavuta leso, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Opolot aliguswa sana. Aliondoka na kinubi akijisemea kwamba damu ni damu, mama mzee ameshindwa kuzuia machozi.

Kupiga hakujua, na kujifunza aliona ni kupoteza muda wakati Kariuki ana kompyuta. Kariuki akatafuta mtandaoni sauti ya kinubi, akapata moja tamu ajabu. Ilitoka Uchina, lakini sauti haina pasipoti. Opolot akakivika ngozi mpya, akafunga nyuzi mpya za kamba ya kuvulia samaki, akapigwa picha amekumbatia kinubi, macho ameyafumba. Picha ikapendwa na watu wengi kuliko wimbo wowote aliowahi kutoa. Mtu wa Entebbe aliandika kwamba Afrika itaokolewa na vijana kama hawa.

Kituo cha redio kilipoandaa sherehe ya utamaduni pale uwanjani Busia, Vivianne hakuwa na shaka nani awe wa mwisho jukwaani, ile nafasi ya heshima. Palikuwa na Wasamia na ngoma zao, wanawake wa Bukhayo na nyimbo za kutwanga, kikundi cha shule na mashairi. Halafu jioni kidogo, watu wakiwa bado wamejaa kwenye viti vya plastiki, waheshimiwa chini ya hema, Vivianne akamtangaza Prinsi Egwang wa Tatu, mjukuu wa mpiga kinubi wa mfalme.

Opolot akapanda na kinubi kifuani. Kariuki alikuwa nyuma ya spika, tayari kubonyeza ile sauti ya Uchina.

"Lakini kabla hujatupigia," Vivianne akasema, "tuna surprise. Tumetuma gari Chakol asubuhi. Tumekuletea mtu aliyemsikia mzee Egwang kwa masikio yake. Shangazi Akol, karibu."

Akol akapanda ngazi, gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, anashikwa mkono. Watu wakampigia makofi. Opolot alitabasamu. Hakuwa amemwambia shangazi habari za mfalme. Alijituliza: mama wa shamba, ataona aibu mbele ya umati, atasema mawili matatu atashuka.

Akol hakuona aibu hata chembe. Aliishika maikrofoni kama mwiko.

"Mama, tuambie," Vivianne akasema. "Ni kweli mzee wako alikuwa anaitwa kila mahali kupiga adeudeu?"

"Ni kweli. Kila mahali. Hata hapa Busia aliitwa. Hata ng'ambo."

Opolot akapumua.

"Alikuwa anaitwa kwa harusi?"

"Harusi, matanga, mambo ya mahari, hata mikutano ya chifu. Lakini zaidi matanga."

"Kwa sababu aliwafariji watu?"

"Hapana," Akol akasema. "Kuwatoa."

Vivianne akasogea. "Kuwatoa wapi, mama?"

"Kuwatoa kwa boma. Unajua watu wa matanga. Wanazika mtu, wanakula, wanakaa. Kesho wanakula, wanakaa. Ng'ombe ameisha, mahindi imeisha, wao bado wanasema tunaomboleza. Sasa mwenye boma hawezi kufukuza wageni, ni aibu. Anatuma mtu Chakol: muiteni Egwang. Baba anakuja, anakaa katikati, anaanza kupiga na kuimba." Akasita, kana kwamba anasikia tena. "Hawakuwa wanamaliza wimbo wa pili. Mtu anakumbuka ameacha ndama. Mwingine anakumbuka mvua. Jioni boma ni safi, mwenyewe anafagia."

Kicheko kilianzia nyuma, kwenye waendesha boda boda, kikaja mbele kama upepo kwenye mtama. Chini ya hema mheshimiwa mmoja alishika paji la uso.

"Hata wakwe zangu mimi," Akol akaendelea, akifurahi kuona watu wanafurahi. "Walikuja kuzungumza ng'ombe. Wakabishana, wakabishana, hawataki kuongeza. Baba akasema sawa, tupumzike kidogo, nichukue adeudeu yangu. Waliongeza ng'ombe kabla hajakaza nyuzi."

Hata Vivianne alikuwa anajifuta macho. Opolot alisimama pale amekumbatia kinubi, tabasamu limemganda usoni kama uji wa jana. Alijaribu kumkonyeza Kariuki abonyeze sauti, imfunike mama huyu. Lakini Kariuki alikuwa ameinama nyuma ya spika, haonekani, ila spika yenyewe ilikuwa inatetemeka.

"Na mama, mzee alijua? Alijua kwamba wanamuita kwa sababu hiyo?"

"Alijua. Siku moja niliuliza, baba, huoni vibaya? Akaniambia kila mtu na kipaji chake. Kuna wale wa kukusanya watu. Yeye Mungu alimpa ya kuwarudisha nyumbani." Akamgeukia Opolot kwa upendo wote. "Sasa niliposikia huyu mtoto wa ndugu yangu anasema amechukua kazi hiyo, nilicheka jikoni mpaka nikalia. Nikasema haijapotea. Opolot, piga watu wasikie."

Uwanja ukangoja. Angeweza kushuka. Angeweza kusema anaumwa. Lakini kiburi ni kama gari lisilo na rivasi. Opolot akafumba macho kama kwenye picha, na kwa kuwa Kariuki bado alikuwa chini, akacharaza zile kamba za kuvulia samaki yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Akaimba juu yake.

Haikujulikana nani alianza. Labda ni wale wa boda boda. Mtu mmoja alisimama akasema kwa sauti, "Jamani, nimeacha ndama." Jirani yake akasimama: "Na mimi naona mvua." Safu nzima ikanyanyuka. Wanawake wa Bukhayo wakabeba vinu vyao. Watu wakaenda wamebeba viti vya plastiki kichwani, wanacheka mpaka wanashikana, wanamiminika getini kama shule imefungwa, na mheshimiwa naye, asije akaonekana hana utani, akanyanyuka na walinzi wake. Kabla wimbo haujafika kiitikio uwanja ulikuwa na mbwa wawili, na Akol jukwaani, anapiga makofi peke yake.

"Baba kabisa," alikuwa anasema. "Baba kabisa."

Klipu ilivuka mpaka haraka kuliko lori lolote. Iliangaliwa Malaba, ikaangaliwa Tororo na Mbale, ikapelekwa Juba na madereva wale wale waliokataa flashi. Opolot hakuweza kupita kwenye foleni. Akitokea tu, dereva mmoja huwasha injini, na nyuma yake wa pili huwasha, na wa tatu, kana kwamba wote wamekumbuka ndama. Makarani wa forodha, wenzake wa zamani, walimtumia ujumbe kwamba pale ofisini kuna msongamano, hawezi kupita kidogo na kinubi? Kwenye ukurasa wake, chini ya ile picha, yule mtu wa Entebbe alikuwa amefuta maneno yake.

Akajifungia nyumbani. Koti alilitundika mlangoni likamgeuzia mgongo: msanii huru. Nerima alimletea chai, akaiweka, hakusema neno, na ukimya wake ukamuuma kuliko matusi.

"Na wewe unacheka," akamwambia.

"Sijacheka."

"Moyoni unacheka."

"Moyoni mwangu wewe usiingie na viatu," Nerima akasema, akatoka kwenda kwenye chapati zake.

Baada ya kulala na hasira mpaka hasira yenyewe ikachoka, Opolot alichukua pikipiki akaenda Chakol. Njiani alikuwa ametunga hotuba. Shangazi alikuwa uani, ameanika mihogo juu ya turubai, anapigana na kuku.

"Shangazi, umeniua."

"Keti. Umekula?"

"Umeniaibisha mbele ya dunia nzima. Mtu wangu wa damu."

Akol akanyoosha mgongo. "Nilidanganya wapi?"

Hotuba yote ilikuwa imejengwa juu ya uongo wa shangazi, na sasa Opolot alipoutafuta hakuuona.

"Si ungesema tu alikuwa anapiga vizuri."

"Vizuri?" Akol alishangaa kwa dhati. "Baba? Opolot, baba alikuwa anapiga mpaka maziwa inaganda. Baba yako, ndugu yangu, alihamia Bumala akiwa bado hana ndevu. Unafikiri alifuata breki? Alikimbia hiyo kitu." Akaonyesha kwa kidole kilichojaa unga wa mihogo kule jikoni, ingawa kinubi hakikuwepo tena.

Opolot akakaa juu ya kinu kilicholala. Kuku walirudi kwenye mihogo na hakuna aliyewafukuza.

"Na hakuna hata mtu mmoja alikuwa anamsikiliza?" akauliza. "Hata mmoja?"

"Alikuwepo. Mama. Mama yetu Adeke." Akol akafikiri. "Kila jioni baba akitoka shambani alikuwa anakaa pale, anapiga. Sisi watoto tunakimbia mtoni. Mama anabaki anachambua mboga, mpaka amalize."

"Aliupenda muziki wake."

"Aa-a. Hakuupenda hata kidogo. Alikuwa anaweka pamba kwa sikio, hii ya upande wa baba. Lakini alikuwa anakaa."

Mtu mwingine angelichukua jambo hilo akalitafakari mpaka nyumbani. Opolot naye alilitafakari, lakini kwa namna yake. Kabla hajafika njia panda ya Chakol alikuwa ameshaamua kwamba tatizo la babu lilikuwa ukosefu wa mazoezi. Damu ilikuwepo, kilichokosekana ni nidhamu. Yeye angekipiga kile kinubi kwa mikono yake, bila kompyuta, bila Mchina, mpaka watu wamwombe msamaha. Alimpigia Kariuki simu kumwarifu kwamba wanaachana kikazi. Kariuki alipokea habari hizo kwa utulivu mkubwa.

Nyumbani hapakufaa kwa mazoezi, maana binti yao Sylvia alikuwa anajiandaa kwa mtihani na alitishia kuhamia kwa bibi yake Sigalame. Kwa hiyo Opolot akachukua kiti akaenda nyuma ya kibanda cha Nerima, kwenye kivuli cha pipa la maji, akaanza. Alipiga asubuhi mpaka vidole vikachubuka. Alipiga kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwa kitu chochote maishani, na ni lazima ikubaliwe kwamba hakuna aliyemtuma. Baada ya wiki chache ungeweza kutambua, kama una nia njema, kwamba ni wimbo, na kwamba jana ulikuwa huo huo.

Nerima ndani alikuwa na tatizo lake. Siku hizo mitambo ya mpakani ilikuwa ikikwama kila mara, foleni ya malori ikarefuka mpaka kwenye mashamba ya watu, na madereva wasio na pa kwenda waliketi kibandani. Mtu anaagiza chai moja, anaikalia tangu saa nne mpaka saa tisa. Wenye njaa ya chakula kamili wanachungulia, hawaoni nafasi, wanaenda kwa jirani. Na huwezi kumwambia mteja aondoke. Ni aibu.

Mchana mmoja, benchi zote zimejaa watu wa chai moja moja, upepo ukageuka ukaingiza sauti ya kinubi kupitia upenyo wa mabati. Nerima alikuwa anasugua sufuria. Akamwona wa kwanza anatazama saa. Wa pili akauliza kama foleni haijasogea. Wa tatu akamaliza chai iliyokuwa imepoa tangu asubuhi. Kabla sufuria haijang'aa, benchi mbili zilikuwa wazi, na watu wanne wapya wenye vitambulisho vya bandari shingoni walikuwa wamekaa wanaagiza samaki.

Nerima aliweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akazunguka nyuma ya kibanda, akamkuta mumewe ameinamia kinubi, jasho linatiririka.

"Baba Sylvia."

"Nakusumbua?"

"Hapana," Nerima akasema. "Nilikuwa nataka kukuambia uingie ndani. Ukae pale kwa kona. Saa ya lunch, watu wakijaa."

Opolot alikishusha kinubi magotini. Miaka yote hiyo ya ndoa hakuwahi kuambiwa aingie.

"Unataka nipige? Mbele ya wateja?"

"Piga tu vile unapiga. Usibadilishe kitu."

Macho ya Opolot yakajaa maji, akasingizia moshi. Nerima akatazama pembeni. Kwa upande wake hakuwa amesema uongo hata neno moja, na mtu anayeomba kwa moyo wote hana haja ya kueleza moyo wenyewe una nini.

Kwa hiyo siku hizi, ukipita Malaba saa saba mchana, utamkuta Dancan Opolot kwenye kona ya kibanda, bila koti, bila miwani, amekumbatia kinubi cheusi. Wateja huingia, hula, huondoka, kwa kasi ambayo wenye hoteli kubwa za Busia wangeionea wivu. Yeye huona jinsi watu wanavyobadilika badilika mbele yake na husema kwamba hajawahi kuwa na hadhira kubwa kama hiyo. Nerima ameongeza benchi. Wiki iliyopita, alipokuwa anamwandalia mumewe sahani yake, alimwekea samaki mzima, na mkia wake.

Juzi palitokea jambo. Saa tisa, kibanda kimeshatulia, kulibaki mteja mmoja, dereva wa Eldoret anayeitwa Kibet, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Amekula, amelipa, chai imeisha, lakini hatoki. Ameegemea ukuta, kichwa amekiinamisha upande, anamtazama Opolot. Opolot akaimba wimbo wa pili. Kibet akabaki. Akaimba wa tatu. Kibet akabaki. Opolot akajiweka sawa kwenye kiti. Akapiga wa nne kwa sauti ya chini, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko, na huenda ndio uliokuwa mzuri kuliko nyimbo zote alizowahi kupiga.

Alipomaliza akauliza:

"Mzee, naona unapenda hii mambo."

"Mimi?" Kibet akasema. Akainama chini ya benchi, akaonyesha waya uliochomekwa ukutani. "Nangoja simu ijae chaji. Kwa lori imekataa."

Upande wa jiko, Nerima aliyekuwa anahesabu chapati zilizobaki akaacha kuhesabu. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango, akaanza kuchambua mboga za jioni.

"Imefika wapi?" Opolot akauliza.

Kibet akaangalia. "Bado. Nusu hivi."

"Basi," Opolot akasema, akakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea, akaanza wa tano.